Makaburi Mawili Yasiyo na Jiwe

Baba Rehema,

Nakuandikia nikiwa na hasira. Nakuambia mapema usije ukadhani nimekaa hapa na leso mkononi.

Jumapili moja mwezi uliopita mimi na Rehema tulikwenda makaburini. Tulipalilia kaburi la mama yangu, tukaweka maua, tukasali, kisha nikaanza kumpa Mama habari za nyumbani Muheza: nani kaoa, nani kauza shamba. Binti yako akanivuta mkono. "Mum, this isn't Bibi." Nikamwambia aache utani. Akanipeleka safu ya nyuma, na huko tukaukuta msalaba wa mbao wa Mama umeoza, umeanguka kifudifudi kwenye majani. Nusu saa nzima nilikuwa namsimulia mambo ya ukoo wetu Mwingereza nisiyemjua, mwenye msalaba wa mbao kama wake.

Na mimi ni mjane wa mchonga mawe!

Nani asiyejua kazi yako katika mji huu? Ulivuka kutoka Ireland kwa meli ungali kijana, tindo za baba yako umezifunga ndani ya sweta, ukaja kuchonga London ya watu. Makanisa, mabenki, majumba ya wakubwa. Tukiwa ndani ya basi ulikuwa unasimama ghafla na kunyoosha kidole: "Dirisha lile langu! Nguzo ile yangu!" Abiria wanatutazama, mimi navuta koti lako ukae. Kazini walikuita Paddy, kama walivyomwita kila Mwairishi, na ulipowaambia jina lako walicheka, wakaendelea na Paddy yao. Tulipokutana kwenye chai ya kanisa Walthamstow nikakuita Donal, uligeuka haraka mpaka chai ikamwagika. Nilikupenda tangu siku ile, na sikuwa na akili ya kuuliza kama wewe ni mtu wa kumaliza mambo.

Mama alikuja Rehema akiwa mchanga, miaka ya tisini ilipofika katikati. Ulipanga foleni nami kule Croydon, ofisi ya uhamiaji, tumwombee muda zaidi wa kukaa, vumbi la mawe likiwa bado kwenye nyusi zako. Jioni ya kwanza ulipoingia jikoni, Mama alichukua sahani yake ya ugali akakimbilia bafuni.

"Hanipendi," ulisema.

Nikakueleza kwamba kwetu mama mkwe hali chakula mbele ya mkwewe, ni heshima. Tangu siku ile, wakati wa chakula ulichukua kikombe chako ukakaa nje kwenye ngazi mpaka Mama amalize. Mvua ikinyesha, uko nje. Jirani aliniuliza kwa upole kama nimekufukuza. Na Mama, mlango ukiwa umefungwa, alikuwa anapaza sauti: "Mkwe wangu, hunyeshewi?"

"Kidogo, Mama. Wewe kula."

Kiswahili chako chote ulikipata pale mlangoni.

Mama alitaka azikwe hapa hapa, karibu na mjukuu wake. Tulipomzika ulivua kofia ukawatangazia watu kwamba jiwe lake utalichonga mwenyewe, na wenzako wa karakana walipotaka kukusaidia ukakataa. Nilijisikia tajiri siku hiyo. Nani mwingine pale alikuwa na mkwe wa namna hiyo?

Kisha nikaanza kungoja. Kila jiwe uliligonga kwa nyundo huku umelitegea sikio. Hili halilii vizuri, lina ufa ndani. Lile lina mshipa. La tatu lililia kama kengele, ukafurahi wiki nzima, halafu ukasema mvua ya London italigeuza kijani, Mama hawezi kuvaa kijani. Nikakwambia tununue tu granaiti nyeusi ya dukani, iliyosuguliwa ikang'aa, yenye herufi za dhahabu, kama wafanyavyo wenzetu wote. Ulinitazama kama nimemtukana marehemu.

"Ile ni meza ya jikoni," ulisema.

Basi tukakaa. Miaka ikapita. Ulimaliza mnara mzima wa kanisa, na mama yangu amelala chini ya vijiti viwili vya mbao. Nikisema, unanuna. Nikinyamaza, unasema, "Nalitafuta, Mama Rehema, nalitafuta." Halafu kikaja kikohozi. Vumbi la mawe yote uliyochonga lilikuwa kifuani mwako. Ukiwa hospitali, pumzi zinakatika, ulinishika mkono nikadhani unataka kuniambia neno la kubaki nalo. Ukasema nisikuwekee jiwe lolote mpaka la Mama liwe tayari.

Ndiyo kwaheri hiyo? Umenifunga mikono, ukaondoka.

Wenzako waliapa wataimaliza kazi yako. Nimekwenda karakana mara ngapi! Mara ya mwisho walitoa jiwe zuri, jeupe, mimi nimeshaanza kushukuru. Mmoja akaligonga. Akamwita mwenzake, naye akaligonga. Wakatazamana, wakatikisa vichwa. "Donal angelikataa," wakasema. Nilitoka bila kuaga, nikalia kwenye kituo cha basi kwa hasira tupu.

Jumatatu yake, baada ya aibu ile ya makaburini, nilikwenda dukani. Nyeusi. Inang'aa. Herufi za dhahabu. Muuzaji hakugonga kitu, aliuliza jina tu. Sasa limeshawekwa, na jina la Mama unalisoma ukiwa bado getini. Rehema alilizunguka, akajitazama humo, akarekebisha nywele. "Bibi would love it," alisema, na ni kweli tupu. Mama alisugua sufuria mpaka ukaona meno yako ndani yake. Alipenda kila kinachong'aa. Ungemuuliza hata mara moja, pale pale mlangoni, angekuambia. Ulimheshimu mno, Donal, ukamwacha miaka yote hiyo bila jina.

Nimeagiza na lako. Ndiyo, kama la Mama, jeusi, na dhahabu. Wanakuja kuliweka Alhamisi. Wenzako wakisikia hawatanisalimia, na wewe najua ulivyonuna huko uliko. Nuna. Useme ni meza ya jikoni, useme nimekuaibisha mbele ya mafundi wote wa London. Nimekuwa na hasira tangu siku uliyofumba macho, Baba Rehema, na nimechoka kugombana na mtu asiyenijibu.

Mkeo, na sijakoma kuwa mkeo,
Mama Rehema