Kaka, Santuri Zako Sizitupi

Majengo, Thika

Kaka yangu mpendwa, Kariuki, mwana wa mama,

Sianzi kwa salamu, maana barua yako nayo haikuwa nazo. Ilikuwa na mistari michache tu kutoka huko Jinja, na katika hiyo michache ukaniagiza nitoe sanduku la santuri zako chini ya kitanda changu, nilibebe mpaka darajani, nizitupe zote mtoni Chania. "Usimwachie mtu hata moja," uliandika. "Nimechoka kujua kwamba zipo."

Jibu langu ni hapana. Tena nakujibu kwa barua ya wazi. Nakala moja nimeitia posta, na nyingine nimempa karani wa ukumbi wa dansi aibandike ukutani hapa Thika, wote waliokucheka waisome, na wasiojua kusoma wasomewe. Mambo yenyewe yalitendeka mbele ya watu, basi na yarekebishwe mbele ya watu.

Ngoja nikukumbushe wewe ni nani, naona Jinja wamekusahaulisha. Wewe ndiye uliyekuwa ukirudi jioni kutoka kwenye mibuni, kule kambini kwa vibarua, Ruiru, unageuza debe, unalikalia, unaweka gitaa gotini kabla hata ya kunawa. Mutua alikuwa akija na chupa yake ya soda na msumari, anakaa kando yako, anaigonga kufuata mwendo wa gitaa lako. Wakamba wa kambi ile walisema Mutua amepotea kwa Wakikuyu, na Wakikuyu wakasema wewe umepotea kwa chupa ya Mkamba. Hamkujali. Mama alikuwa akisonga ugali huku sikio liko nje, na mara ngapi tulikula ugali ulioshika chini kwa ajili yako!

Wala hukuwahi kuimba haraka. Hata kutembea, hukuwahi kutembea haraka. Mama alisema wewe ukitumwa chumvi, chakula kitaliwa bila chumvi. Nyimbo zako zilikuwa na mwendo huo huo wako, na wanawake waliotoka kuchuma kahawa walizisikiliza wamekaa chini, miguu wameinyoosha, wakiitikia kwa sauti za uchovu. Hazikuwa nyimbo za kuchezea dansi, na wewe hukusema kwamba ni za dansi.

Kisha yule bwana wa Nairobi mwenye mitambo ya kunasa sauti akasikia habari zenu. Ilikuwa kabla ya Wazungu kutangaza Hali ya Hatari, wakati mtu alipanda treni akaenda Nairobi bila kuonyesha karatasi kumi. Mlirudi usiku mkisema mmeimba nyimbo sita mbele ya chuma kinachoning'inia, na kwamba yule bwana hakuwapa nafasi hata ya kujisikiliza, maana kundi lingine lilikuwa linasubiri mlangoni. Baada ya muda likaja sanduku la nakala zenu. Wenzenu wote walikuwa wakitoa santuri moja moja, lakini ninyi mlipata santuri tatu ndani ya kitabu cha karatasi ngumu, na juu yake picha yenu, Mutua amefumba macho. Uliniambia kitabu hicho kinaitwa albamu. Ulilitamka neno hilo kwa uangalifu kama jina la mtoto mchanga.

Hatukuwa na gramafoni. Nani kambini alikuwa nayo? Gramafoni iliyojulikana na kila mtu ilikuwa ya Kimotho, pale hotelini kwake karibu na soko la Thika, na siku ya soko ulikwenda pale umevaa koti la kuazima. Mimi nilisimama nje dirishani, kwa kuwa wasichana hatukukaa hotelini. Kimotho akatia ufunguo, akaweka sindano, na tukasikia.

Sitaki kulipamba. Ilisikika kama mbuzi. Gitaa lilikuwa linakimbia kama mtu anayefukuzwa, chupa ya Mutua ilikuwa inapiga kelele kama ya mabati wakati wa mvua ya mawe, na juu yake sauti nyembamba inalia mee, mee. Watu walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Kimotho akaitoa santuri kabla haijaisha, akakurudishia akisema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Kijana, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hii itembeze mpaka uchoke." Kufikia jioni jina la Mbuzi wa Ruiru lilikuwa limeshafika nyumbani kabla yako.

Njiani nilikwambia, "Ile si sauti yako." Unakumbuka ulinijibu nini? Ulisema, "Wambui, watu wanaweza kunidanganya kwa kunipenda. Mashine haina sababu ya kunidanganya."

Maneno hayo ndiyo yaliyokuondoa nyumbani, si kicheko. Kicheko ungekizoea. Ulilitundika gitaa ukutani kwa mama, ukaenda Jinja kuponda kokoto, na miaka ya vibali ilipofika sikukulaumu kwa kutokuja. Sasa nakulaumu. Vibali vimelegea, na wewe bado unajificha.

Kuna jambo sijakuambia. Wakati tulipohamishwa kambini na kupelekwa kwenye kijiji kipya kule Mugutha, homugadi, wale walinzi wa serikali, walikuwa wakipekua kila mzigo, na santuri walizitafuta hasa, kwa sababu ya nyimbo za siasa. Mmoja akafungua sanduku lako. "Hizi ni za nini?" akauliza. Nikamwambia, "Ni zile za Mbuzi wa Ruiru." Akacheka, akamwita mwenzake naye acheke, wakafunga sanduku wakanipitisha. Kwa hiyo hata lile jina lao la dharau nimelitumia. Sikulipokea bure.

Basi sikiliza sasa. Mwaka huu baba Njoki, shemeji yako, ambaye ni mtu wa kiwanda cha mananasi na sijui amepata wapi uvumilivu wa kunioa, alinunua gramafoni iliyokwisha tumika katika duka la Mhindi mmoja hapa mjini. Mchana wa Jumapili, baada ya kanisa, nikatoa albamu yako. Nikaweka santuri ya kwanza, na kwa kweli nilikuwa nimejikaza kumsikia mbuzi.

Ukaimba wewe. Kariuki wa kwenye debe, sauti ya kifuani, na mwendo wako wa mtu aliyetumwa chumvi. Nilipiga ukelele nikafikiri mashine ni mbovu, inakwenda polepole. Baba Njoki akainama akanionyesha kijiti kidogo ubavuni mwa mashine. Ukikisukuma huku, sahani inazunguka mbio, na sauti inapanda na kuwa nyembamba. Ukikirudisha, inazunguka inavyotakiwa. Akakisukuma mpaka mwisho, na mbuzi yule yule wa hotelini akalia sebuleni kwangu. Akakirudisha, ukarudi wewe. Tulifanya hivyo mara nyingi kama watoto, mpaka mimi nikaanza kulia kwa hasira.

Unaona? Miaka yote hii Thika nzima ilikuwa inasikiliza muziki mbio mbio kwa sababu ya kijiti cha Kimotho. Na hapo ndipo nikaelewa kisa cha yule mwimbaji mashuhuri wa Nairobi aliyekuja kupiga dansi ukumbini. Alipofungua kinywa, watu walizomea wakidai viingilio vyao. "Huyu ni wa bandia! Yule wa kweli ana sauti nyembamba!" Maskini aliimba mpaka mishipa ikamtoka, na mji wetu haukumwamini. Nyimbo za dansi zinavumilia kukimbizwa. Zako hazivumilii, na kwa hiyo wewe peke yako ndiye uliyeonekana mbaya.

Siku ya soko iliyofuata nikajifunga leso kiunoni, nikachukua albamu, nikaingia hotelini. Nimeshakuwa mama wa mtu, siku hizi sisimami dirishani.

"Mzee Kimotho," nikamwambia, "nataka upige santuri hii, na nataka uguse kile kijiti."

"Haiya! Mama Njoki, hii hoteri ni yangu, na mashine ni yangu."

"Na sauti uliyoiharibu ni ya nani?"

Akapunguza sauti, akaniambia jambo ambalo nadhani hakuwahi kumwambia mtu. Kijiti amekiweka vile kwa makusudi tangu aliponunua gramafoni. "Muziki ukienda haraka, watu wanakunywa chai haraka, wanatoka, wengine wanaingia. Ukienda polepole, mtu anakalia kikombe kimoja mpaka jioni. Sasa nikule nini mimi?"

Kariuki, nilimtazama mtu huyo, na sikujua nicheke au nimpige na albamu. Kumbe hakukuchukia. Hata hakuwa amekufikiria. Ulivunjwa moyo kwa ajili ya vikombe vya chai.

Nikamwambia mbele ya wateja wake kwamba sitoki mpaka kijiti kirudi, na kwamba nitakaa pale bila kuagiza hata maji. Bibi mmoja mzee aliyekuwa na kikapu cha viazi miguuni akaniunga mkono. "Wewe Kimotho, haraka haraka haina baraka. Wacha tusikie mtoto wa watu." Akakirudisha kijiti huku ananung'unika.

Sitakudanganya kwamba hoteli nzima ilisimama ikakupigia makofi. Vijana wawili walitoka wakisema huu ni muziki wa matanga. Mmoja aliuliza kama sindano imekwama. Lakini mzee yule mwenye viazi alikuwa amechuma kahawa Ruiru maisha yake yote, na ilipofika ubeti wa pili wa "Debe la Kwanza" alianza kuitikia, kwa sauti ile ile ya uchovu, bila kujua kwamba anaimba. Alipomaliza akauliza, "Huyu ndiye mliyemwita mbuzi?" Kimotho alikuwa anafuta meza iliyokuwa safi.

Na kwa kuwa hujawahi kuisikia albamu yako mwenyewe kwa mwendo wake, nikuambie ina nini. "Debe la Kwanza" inaanza na gitaa peke yake, na Mutua anachelewa kidogo kuingia, makusudi, kama mtu anayemfuata mwenzake kwenye mstari wa mibuni akiwa na umande miguuni. Katika "Mvua ya Njahi", ule wimbo wa masika, kabla ya ubeti wa mwisho, unanyamaza na kuvuta pumzi, na ile pumzi inasikika. Hotelini pumzi hiyo ilisikika kama kwikwi, na pale ndipo walipocheka zaidi. Mimi hapo ndipo ninaposimama na kuacha kazi. Upande wa nyuma wa santuri ya tatu ni mbaya, kaka, mbaya kwa mwendo wowote, na Mutua mwenyewe amekubali. Nyimbo tano nzuri kati ya sita, nani mwingine anazo? Hao waliojaza kumbi wana moja, na wanairudia kwa majina tofauti.

Mutua nilimtafuta mpaka kwake, ng'ambo ya Thika, kule mashariki anakolima mbaazi. Nilimpelekea habari ya kijiti kabla sijaketi. Aliweka jembe chini, akasema, "Dada, mimi nilifikiri ni chupa yangu ndiyo iliyomharibia." Ametembea na hatia hiyo miaka yote, na wewe hukuwahi kumwandikia. Umwandikie.

Mama nilimpigia santuri zote tatu, pande zake sita. Masikio yake si mazuri tena, akaweka kichwa karibu kabisa na mashine. Mwisho akasema, "Huyu ni Kariuki. Yule wa hotelini sijui alikuwa nani." Kisha akauliza utakuja lini, kama anavyouliza kila wiki, na swali hilo linaniuma kuliko vicheko vyote vya Thika.

Wanasema kizuri chajiuza. Methali hiyo nimeifikiria sana, na naikataa. Kizuri kikikimbizwa hakijiuzi. Kizuri kinahitaji mtu wa kukaa nacho mara ya pili, na kama hakuna mwingine, basi mtu huyo ni mimi. Siku za soko sasa naibeba gramafoni ya shemeji yako mpaka kibarazani kwa fundi cherehani, napiga upande mmoja mmoja. Wapo wanaopita, wapo wanaosimama. Wachache wameondoka na albamu yao, na kila mmoja nimemwonyesha kijiti kwanza.

Sikulazimishi kuimba tena. Mtu akiamua kuacha, na aache. Ila wewe hukuamua. Uliamini sauti isiyokuwa yako, ukaihukumu, ukaifunga, na kifungo ukakitumikia wewe.

Albamu moja nimemkabidhi jirani yetu anayefanya kazi relini, atakuletea mkononi. Tafuta gramafoni huko Jinja, sukuma kijiti mpaka gitaa lisikike kama ulivyokuwa ukilisikia gotini, na usikilize zote, hata ile mbaya. Ukimaliza, kama bado unataka zitupwe, mto Chania haujahama. Lakini mikono yangu usiitume. Panda treni, uje uzibebe mwenyewe mpaka darajani, uzitupe moja moja, mama akiwa amesimama pale anakutazama.

Tunakungoja.

Mimi dada yako, tulionyonya ziwa moja,
Wambui