Shuka Jekundu Kambani

Mdogo wangu kipenzi,

Sisi wazima, magoti tu yananisumbua. Cherehani uliyoniachia bado inashona.

Unaikumbuka ile ndege kuukuu ya klabu ya marubani, ya viti viwili, yenye mabawa ya kitambaa? Marehemu mwanangu aliirusha kuwashinda wote, hata mwalimu wake. Akipita juu ya nyumba aliinamisha bawa kunisalimia, nami nilikuwa naanika shuka jekundu kambani ajue nipo. Tangu ugonjwa umchukue, wenzake wakawa wanazunguka mbali na kwangu, eti wasinitoneshe kidonda. Kumbe kimya kile ndicho kilichokuwa kinanimaliza.

Juzi nikaenda klabuni. Nikamwambia mkuu wao, "Baba, piteni kwangu. Na bawa mliinamishe."

"Mama, tuliogopa utalia."

"Nitalia. Nyinyi piteni."

Jana nikaanika shuka. Ndege ikaja ikinguruma vilevile, ikainamisha bawa. Jirani mpya akatoka mbio: "Mama, nani huyo?"

"Mwanangu," nikajibu, kifua mbele. "Hakuna anayemfikia."

Ilipopotea ndipo nikagundua nimesema nini. Sikujisahihisha.

Dada yako, mama wa rubani