Mlango wa Nyuma wa Duka Letu

Ruring'u, Nyeri
Jumapili asubuhi

Kwa Baba yangu mpenzi,

Assalaam alaykum, na shikamoo Baba. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Kutus, goti limetulia, na Mama bado anakukataza kupanda ngazi ya stoo. Mimi ni mzima, alhamdulillahi, ila baridi ya huku haina adabu, inaingia chumbani bila kubisha hodi. Alfajiri ukungu hushuka mpaka uwanja wa mpira unapotea wote, halafu unarudi kidogo kidogo, magoli kwanza. Mimi hukaa dirishani na chai yangu nikiutazama, na siku nyingine sina hakika kama nimekwisha kuamka.

Utajiuliza kwa nini naandika na simu ipo. Kwenye simu ukiniuliza lile swali lako la Idi, nitakujibu kama kawaida yangu, kwamba tutaona. Uliniambia fundi wa mabango anangoja neno langu tu, aandike juu ya duka Huseni na Binti. Kaka Fuad alikwisha kusema maisha yake yako Nairobi, kwa hiyo macho yako yote yamebaki kwangu. Swali hilo nimelibeba muhula mzima. Jibu lake limo humu, lakini nivumilie kwanza nikupe habari za darasa.

Mwaka huu chuoni tunasoma kalkulasi ya juu. Mwalimu wetu ni Dakta Gathoni, mama mwembamba mwenye sauti ya chini inayokufanya uinamie dawati ili umsikie. Siku ya kwanza alifunga mlango saa mbili, akatusomea kanuni zake polepole kama mtu anayesoma wosia. Aliyechelewa abaki nje na asigonge. Simu zilale mkobani. Kila mmoja atasimama mbele kwa zamu, athibitishe jambo bila karatasi mkononi. Tusaidiane tutakavyo, ila chini ya kila kazi tuandike jina la aliyetusaidia. Mtu asiseme jambo ni dhahiri, maana likiwa dhahiri kweli, kulithibitisha hakutamchosha. Na aliyekwama aseme hapa sijui, akae, hatapoteza kitu. Lakini anayejifanya anajua ataonywa mara moja tu. Akirudia, mtihani ataufanya mwakani.

Kanuni hizo ziliwachosha wenzangu. Mimi nilizipenda, sijui kwa nini, labda kwa sababu zilisomwa taratibu hivyo mvua ikinyesha.

Jambo lililoniteka ni hili. Mstari uliochorwa bila kuinua kalamu, ukiwa na ncha zake zote mbili, lazima uwe na kilele mahali fulani. Hesabu haikuambii kiko wapi, inakuahidi tu kwamba kipo. Lakini ukiondoa ncha moja, ahadi imevunjika. Mstari unaweza kupanda na kupanda, ukikaribia daima bila kufika. Siku tuliyoambiwa hayo nilitazama nje, na Mlima wote ulikuwa ndani ya mawingu. Nilitembea mpaka nyumbani na siwezi kukuambia nilipitia njia gani.

Basi zamu yangu ikaja, nami nilipewa jambo hilohilo. Munene, mwanafunzi mwenzangu wa kwao Gakindu, ambaye wazazi wake ni wakulima wa kahawa, alikuwa amenieleza hatua ya katikati. Niliipokea bila kuichambua. Nilipofika katikati, mbele ya watu, nikagundua kwamba mimi mwenyewe sina kitu hapo.

Baba, unajua nilifanya nini. Mzee Wamae akija kutafuta bawaba na bawaba zimeisha, wewe hujawahi kumwambia hakuna. Unamwambia, "Iko, mzee, keti kidogo," unampa benchi na habari za mpunga, na mimi nakimbia kwa mlango wa nyuma hadi duka la jirani, kwa Shantilal, narudi na bawaba, naiweka kaunta kana kwamba imetoka kwenye rafu yetu. Na Shantilal akiishiwa misumari, mwanawe Pinal anakimbia kuja kwetu. Hakuna anayedhulumiwa, ndivyo maduka yanavyolindana. Nimelelewa hivyo. Kwa hiyo nilisema iko, nikaiweka ile hatua ya Munene kaunta.

Dakta Gathoni akaniuliza hatua hiyo itavunjikia wapi tukiondoa ncha moja. Nikatabasamu lile tabasamu la dukani, nikaanza kuzungumza, nikimkalisha. Nilizungumza muda mrefu. Alipoona nimechoka aliniuliza kwa upole mali ile ni ya nani, na nikamtaja Munene. Akasema onyo langu ndilo hilo. Tulipotoka, Munene alinishangaa tu. "Si ungesema tu haujui? Ata mimi hiyo step nilionyeshwa na Shiro, na jina yake iko kwa karatasi yangu." Nilicheka na machozi yakanitoka papo hapo.

Baadaye niliitwa tena, jambo lilelile. Ukungu ulikuwa umefika madirishani. Nilifika katikati, ulimi ukataka kusema iko, nikahisi kabisa miguu yangu inatafuta mlango wa nyuma. Nikasema hapa sijui. Hakuna aliyecheka. Dakta Gathoni alishukuru, akaniambia nikae.

Nikaishi na lile pengo. Nililala nalo, nikaenda nalo sokoni. Asubuhi moja, nikiosha mchele, maji yakiwa meupe sufuriani, nikaiona hatua ile yote, mpaka pale inapohitaji ncha zote mbili. Nilisimama hapo mpaka mikono ikafa ganzi. Baba, sijawahi kuwa na kitu changu namna ile. Darasani nilipoieleza sikuwa na jina la kuandika chini.

Sasa jibu lako. Kila niliposema tutaona, nilikuwa nimekukalisha benchi kama Mzee Wamae, nikitumaini nitapata mahali fulani moyo wa kurudi dukani. Nimeutafuta kwa kila jirani. Nimerudi mikono mitupu.

Hakuna, Baba. Sitarudi kusimama kaunta. Nataka kuendelea na hesabu, na siku moja nifundishe, nami niwafungie watu mlango saa mbili. Najua neno hili hujawahi kumwambia mtu, na linaniuma kwamba wewe ndiye wa kwanza kulisikia kwangu. Nimelia kidogo hapa, usijali. Lakini neno langu la tutaona lilikuwa ule mstari usio na ncha, na wewe umengoja vya kutosha. Mwambie fundi aandike jina lako, na la Mama, ambaye miaka yote hii ndiye anayejua kila kitu kiko wapi.

Nisalimie Mama, umbusu mikono. Nisalimie Shantilal na Pinal, uwaambie Idi nitakuwepo, na mteja akikosa bawaba bado nitakimbia. Ukikasirika, kasirika, ila unijibu.

Na kwa kuwa kanuni ni kanuni, chini ya kila nitakachofanya huku naandika aliyenisaidia: Huseni, wa Kutus.

Wako,
Subira binti Huseni