Babu Amekataliwa kwenye Dirisha Lake

Ghorofa ya pili, juu ya benki,
9 Agosti.

Mpendwa Bibi wa Mbali,

Usinune kwa jina hilo. Ndilo tunalokuita hapa nyumbani tangu sijaota meno, maana picha yako iko ukutani lakini mwenyewe hatujakutia machoni. Shikamoo Bibi. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti limetulia na kile kifua kimekuachia. Na mkono wako wa kulia je? Mama anasema ulivunjika zamani, na baridi ikija huuma. Ufunge kitambaa cha sufu, tafadhali.

Sisi hatujambo. Hata Babu, kaka yako, hajambo, ila ana jambo, na nitalifikia. Ndani ya bahasha utakuta karatasi mbili. Ziweke kando kwanza, unisome mimi.

Huu ni mwaka wangu wa pili kazini kwenye benki ya Babu, dirisha la pili kutoka mlangoni. Usidhani nilipewa kwa ujukuu. Babu alinifanyia usaili akiwa amefunga tai, akaniuliza jina la baba yangu utadhani hamjui mkwewe! Miezi sita ya mwanzo nilifanya kazi moja tu, kutazama saini. Kila mteja ana kadi yenye saini aliyotia siku ya kufungua akaunti, na Babu alitaka nizijue kadi hizo jinsi ninavyojua nyuso za ndugu zangu. Seremala wa jirani huanza na nukta. Mkunga mstaafu hupiga mistari miwili chini, kwa hasira, sijui alikosewa na nani.

Bibi, huyu kaka yako ananishangaza mpaka leo. Wewe ulimwona akianza. Sisi tumekuta ukuta umesimama. Nasikia alikuwa karani wa duka la vitambaa, na watu wakaanza kumwachia akiba zao kwa sababu hakuwahi kumpunja mtu hata upana wa kidole. Tajiri wake akamwambia achague, vitambaa au akiba za watu. Kesho yake akakodi chumba kimoja na kununua sefu ya mtumba ambayo mlango wake ulifungwa kwa kupigwa teke.

Mtaa ulipoungua, wewe ukiwa umeshaondoka, aliacha godoro lake ndani akatoka na droo ya kadi kichwani. Asubuhi yake alikaa juu ya ndoo barabarani akawahudumia watu wake wote, mmoja mmoja, kwa saini. Wazee wananisimulia dirishani. Nikishuka ngazi asubuhi nikamkuta yuko mlangoni, viatu vinang'aa, anawaamkia wafagiaji kwa heshima ileile anayowapa wenye viwanda, naona haya kuchelewa hata dakika moja.

Sasa twende kwenye jambo lenyewe. Wajomba zangu wawili wanataka kuiuza benki kwa benki kubwa. Mama hataki, na Babu hataki. Jumanne iliyopita Babu alileta hati ya kumkabidhi mama benki yote, pamoja na mwanasheria wake. Unajua desturi yake, hata karatasi zake hupita dirishani. Akapanga foleni nyuma ya fundi bomba, na foleni ikamleta kwangu.

Akatia saini. Nikatoa kadi namba moja, yake. Ile ya kwenye kadi imesimama wima, haina wasiwasi. Hii mpya ilikuwa inatetemeka, imepanda mlima, na mwisho wake hauonekani. Nikatazama mara tatu.  Kanuni ni yake mwenyewe: saini isipofanana hupitishi kitu, hata akiwa mama yako mzazi.

"Samahani mzee," nikasema, maana dirishani yeye ni mzee kama wazee wengine, "saini hii hailingani na ya kwenye kadi."

 Mjomba mkubwa, aliyekuwa amesimama karibu, akaangua kicheko. "We mtoto una wazimu? Huyo si ndiye mwenye benki!"

Babu akavaa miwani, akaomba kadi, akazilinganisha saini zote mbili. "Kweli," akasema. "Hailingani. Nipe fomu ya kubadili saini." Akaenda kuijaza kwenye benchi la wateja. Mimi nikaingia stoo ya karatasi nikalia.

Alasiri akaniita ofisini kwake. Nilijua kazi imeota mbawa. Badala yake alinipa kiti, akaniambia jambo ambalo hata mama hajawahi kulisikia. Sisi tumekua tukiambiwa uliondoka haraka kwa ajili ya masomo ya uuguzi. Kumbe ulikuja dirishani kuchukua akiba yako ya safari, mkono umefungwa plasta, ukatia saini kwa mkono wa kushoto, naye kaka yako akakukataa mbele ya watu. Nauli ulikopeshwa na fundi cherehani wa mlango wa pili. Hukurudi tena.

"Mwandikie," akaniambia. "Mwambie nami nimekataliwa kwenye dirisha langu mwenyewe. Usimpake mafuta kwa mgongo wa chupa."

Fomu inataka mashahidi wawili wanaoijua saini ya mtu tangu siku kadi yake ilipofunguliwa. Waliokuwapo kadi namba moja ikifunguliwa na bado wako hai ni wawili tu, fundi cherehani na wewe. Fundi ametia yake kwenye fomu, ndiyo karatasi ya kwanza ndani ya bahasha. Daktari anasema mkono wa Babu hautapona, na mwakani huenda asishike kalamu. Saini ya Babu isipokubalika, wajomba ndio wenye mamlaka ya kutia saini kwa niaba yake, nao wamewaahidi wanunuzi jibu mwisho wa mwezi ujao. Bila wewe hati haipiti, na benki inakwenda. Una haki ya kuichana fomu hiyo. Naomba usiichane.

Karatasi ya pili ni kuukuu, imepauka, shika taratibu. Nilimuuliza Babu fomu ya kubadili saini aliitunga lini. Akasema wiki ileile uliyoondoka. Hiyo ndiyo ya kwanza kuandikwa, na jina lililo juu ni lako. Mashahidi ni fundi cherehani na Babu, tarehe ya miaka arobaini na sita iliyopita. Hakujua pa kuituma, na alipojua aliona haya. Kadi yako haijafungwa, Bibi. Nimeiona kwa macho yangu, ni namba mbili, imefuata ya kwake. Kwenye karatasi hiyo kuukuu pengo ni moja tu, mahali pa saini yako mpya. Tia kwa mkono wowote unaotaka.

Mama anakusalimu sana. Fundi cherehani anasema nauli ile alishaisahau, usimkumbushe. Mlinzi wetu, asiyekujua hata kidogo, naye anakusalimu kwa kuwa alinikuta nikiandika. Babu hakunipa salamu. Alisema zake ziko kwenye ile karatasi kuukuu.

Mungu akulinde, aupe nguvu mkono wako, na atujalie kukuona ukiingia kwa mlango wa mbele.

Ni mimi mjukuu wako nikupendaye bila kukuona,
wa dirisha la pili.