Mnara wangu ukutani

Nchagwa, nimeumbuka! Nimetoka mkutano wa josho la ng'ombe sasa hivi.

Ile tovuti anayotengeneza binti yangu Mokami, unaweka idadi, yenyewe inachora grafu ya minara. Nikampa idadi ya ng'ombe wangu aijaribie. Idadi ya kweli, Nchagwa! Leo kaionyesha ukutani mkutanoni, pamoja na za wafugaji wenzangu, na jina langu juu yake.

Waitara, ambaye mwanangu Jackson anamchumbia binti yake, akasimama. "Mkwe, kwenye mazungumzo ya mahari si ulilia kwamba ugonjwa umewamaliza ng'ombe wako? Mbona mnara wako unagusa dari?"

Nikamwambia Mokami, "Zima!" Akabonyeza, grafu ikageuka duara. Kipande changu kimemeza nusu!

Waitara akasema, "Ahaa, hapo nimeelewa vizuri."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Jackson hakucheka. Mwaka wa pili huu namwambia asubiri kuoa, ng'ombe hawatoshi. Aliinuka, akatoka.

Nchagwa, naogopa kurudi nyumbani.