Zuhura Aulizwe Kwanza

Makwale, Kyela

Mama yangu,

Assalaam alaykum. Natumai goti limekuachia na Zuhura ni mzima. Mimi sijambo, ila mvua za huku hazijui kupumzika. Kokoa tunayonunua inaota ukungu kabla haijakauka, na viatu nimevisahau, natembea pekupeku kama wenyeji.

Mama, Ijumaa iliyopita nimeona jambo, na tangu hapo sijatulia.

Mwenye nyumba wangu, Mzee Yusufu, alikuwa anamwoza bintiye Rehema, kiziwi tangu kuzaliwa kama Zuhura wetu. Bwana harusi ni mfanyabiashara wa upande wa Malawi. Ng'ombe wa mahari walishakubaliwa waende kwa baba, ndiyo desturi ya huku. Shehe akasogea mlangoni kumuuliza binti kama anaridhia. Kimya.

"Amenyamaza, shehe," akasema Mzee Yusufu. "Mwali akinyamaza amekubali. Funga ndoa."

Shehe akamtazama. "Yusufu, huyu hajasema neno tangu azaliwe. Kwa hiyo tangu azaliwe amekubali kila kitu?"

Sote tukainamisha vichwa. Shehe akasema kunyamaza ni jibu la aliyesikia swali. Asiyesikia aulizwe kwa namna anayoielewa, na ishara yake ina uzito uleule wa ulimi wa shehe mwenyewe. Bila hivyo hakuna ndoa. Akauliza, nani anaelewana naye? Baba mtu akababaika. Ikabidi aitwe bibi mzaa mama, Mkristo asiyekosa kanisani, akatoka jikoni na unga mikononi.

"Ndaga, shehe," akashukuru. "Toka asubuhi nangoja mtu aniite."

Akamgeukia Rehema pale mlangoni, mikono yao ikaenda, ikarudi.

"Anamtaka," bibi akasema. "Ila anasema mahari ni yake yeye. Hataki ng'ombe. Anataka cherehani."

"Ni haki yake," akasema shehe, na bwana harusi akakubali huku anacheka. Mzee Yusufu alikaa chini kwenye mkeka. "Sikujua kama ana la kusema," akasema polepole. Vigelegele vikapigwa, na bibi akavigonga kwa vidole kwenye kiganja cha mjukuu wake ili naye avipate.

Nilistaajabu, Mama. Nimesali miaka yote hii, sikujua dini yangu inaweza kuwasimamisha watu wazima wote mlangoni, wamngoje binti mmoja ajibu.

Halafu nikaona aibu. Tangu Baba afariki mimi, kaka yake, ndiye walii wa Zuhura. Mwezi jana nilimpa Baba Mdogo uwakala amwoze kwa yule mwenye duka, nikaandika kwamba Zuhura hana neno. Nani alimuuliza? Uwakala huo nimeuondoa. Binamu yake Mwajuma, aliyekua naye na anayejua ishara zake, amuulize taratibu, na wewe ukiwepo. Akikataa, amekataa, na atakayenuna aninunie mimi.

Msalimie Baba Mdogo, umwombe asinikasirikie kabla ya kumaliza kusoma barua hii. Msalimie shangazi muuza maziwa, na Mwajuma.

Zuhura sijui nimsalimie vipi. Mwajuma aliwahi kuniambia kwamba kila mmoja wetu nyumbani Zuhura amempa ishara yake, ndilo jina analomwita. Yangu siijui, Mama. Muulize, kisha uniandikie mkono unakwendaje.

Mwanao,
Idi