Taa Mpya za Pikipiki ya Tata

Buganguzi,
Muleba, Kagera.
9 Novemba 2025

Mpendwa kaka Wilbert,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Habari za Mtwara na joto lake? Evelyne na mtoto hawajambo? Sisi tunaendelea. Mvua imeanza vizuri. Migomba ya nyuma ya nyumba imepata mnyauko, tumeing'oa na kuifukia; ya mbele bado inasimama. Mama anakohoa kidogo asubuhi, si cha kutisha.

Nimeona niandike badala ya kupiga simu kwa sababu nyumbani humu Tata, baba yetu, husikia kila neno, na ninayotaka kukueleza yanamhusu yeye.

Unajua jinsi anavyoshika zamu yake ya kuongoza ibada kule kigangoni Kishanda. Mwezi wa nane, akirudi na pikipiki jua limeshazama, aliingia mtaroni. Hakuumia zaidi ya kuchubuka goti. Alisema kosa ni la taa: taa ya pikipiki ile imekuwa hafifu kama mshumaa, hata alimpita Kashaija jirani njiani asimtambue. Akataka taa za nyongeza, zile nyeupe kali ambazo vijana wa bodaboda wanafunga siku hizi.

Nikamwita Hafidhi, fundi wa pikipiki wa pale Muleba mjini, aje kuzifunga nyumbani. Ni mtu wa Bukoba, mpole, hana haraka na kazi. Alifunga taa mbili chini ya usukani, akavuta waya mnene kutoka kwenye betri kupitia fyuzi na rilei, ili ile swichi ndogo isibebe umeme wote ikaungua. Nyaya akazipitisha chini ya tangi na kuzifunga mahali pasiposuguliwa usukani ukikatwa. Tata alikaa kwenye kiti akimuuliza maswali kama mkaguzi wa shule. Alifurahi sana siku ile.

Giza lilipoanza kuingia, Hafidhi akageuza pikipiki ielekee kwenye migomba, akawasha injini, akabonyeza swichi. Kaka, kibanja kilikuwa cheupe, migomba yote mpaka kwenye mibuni ya mwisho. Mama alikuwa anatoka huko na kuni. Akasimama palepale katikati ya mwanga, mkono usoni.

Tata akasimama kando ya pikipiki, akatazama mbele. Akaniambia, "Renatha, mwite mama yako asimame pale penye migomba, tuone mwanga unafika wapi."

Hafidhi akainamia nyaya zake, ingawa kazi ilikuwa imekwisha.

Mama ndiye aliyejibu. "Mimi huyu hapa, Baba Wilbert. Unanitazama."

Tata akageuza kichwa polepole, huku na huku, kama mtu anayemtafuta mwenzake sokoni, hadi akampata. Kisha akaingia ndani, akasema upepo ni baridi.

Hafidhi alizima, akachomoa fyuzi na kuniwekea mkononi. "Dada," akasema kwa sauti ya chini, "taa ni nzima."

Juma lililofuata nilimpeleka hospitali Bukoba. Ni presha ya macho. Daktari alieleza kwamba anaona mbele kidogo tu, kama anayechungulia kwenye bomba. Kilichokwisha kupotea hakirudi, matone yatalinda kilichobaki. Tata aliuliza swali moja: kama anaweza kuendesha. Daktari akasema hapana. Njiani kurudi alizungumzia kahawa tu.

Sikulia. Nina kazi ya kukumbuka saa za matone. Jumapili ninampakia mimi mpaka Kishanda. Mara ya kwanza aliona aibu kukaa nyuma ya binti yake mbele ya watu, akaniomba nimshushe kabla hatujafika. Nilikataa. Sasa hasemi kitu, ila akiona ninakata kona vibaya hunigonga begani.

Daktari alisema pia kwamba ugonjwa huu hutembea katika ukoo. Mimi nimepimwa, niko salama. Nawe kapimwe, usingoje dalili. Tata hakuwa na maumivu yoyote.

Alinikataza kukuandikia, akihofia utaacha kazi. Usiache. Njoo Krismasi kama ulivyopanga, wala usimuulize habari za macho. Ila ukimkuta amekaa uani, usisimame kimya kungoja akutambue. Taja jina lako kwanza, ndipo umwamkie.

Mama anakusalimu, na Kashaija pia. Msalimie Evelyne, na umbusu Derick kwa niaba ya shangazi yake. Mungu awafunike huko mliko na awalete salama.

Ni mimi dada yako, nikupendaye daima,
Renatha